Chumba cha Mama Uani: Tujenge au Tusijenge?

SWALI

Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi na mume wangu Kiamunyi, Nakuru, katika ploti ya futi 50 kwa 100 iliyoandikishwa kwa jina lake. Mama yangu ana miaka 74 na anaishi peke yake Vihiga. Tangu alipoanguka na kuumia nyonga mwaka uliopita, hawezi tena kuteka maji wala kupanda kilima cha kwenda sokoni. Nimefikiria kumjengea uani kijumba chenye chumba kimoja, jiko, choo na bafu, na mlango wake mwenyewe. Fundi ametuambia tutenge shilingi 1,100,000. Mume wangu hakatai, ila anasema tukikopa katika Sacco na kukipangisha kwa shilingi 8,000 kwa mwezi wakati mama yuko kwake, kitajilipia chenyewe. Je, hesabu hiyo ni sahihi, na je, tujenge?

Mwalimu, Kiamunyi

JIBU

Mwalimu, nianze na hoja ya mume wako, kwa kuwa ndiyo yenye jibu fupi. Sacco nyingi hutoza riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio la deni. Kwa deni la shilingi 1,100,000, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 11,000, ilhali kodi anayoitarajia ni 8,000. Kodi hiyo haifikii hata riba, sembuse deni lenyewe. Mkilipa kwa miaka 5 kwa kiasi kilekile kila mwezi, zaidi ya shilingi 24,000 zitakatwa kwenye mshahara wako. Hata kama mngekuwa na fedha zote mkononi, na chumba kisikae kitupu hata mwezi mmoja, gharama ingerudi baada ya miaka 11 na nusu hivi. Isitoshe, mpangaji aliyeingia Januari hatafungasha virago Aprili kwa sababu masika yameanza na mama anataka kuja. Kijumba hiki ama ni cha mama au ni cha mpangaji, na kwa mpangaji hakilipi.

Hiyo haina maana kwamba msijenge. Mtu hujengea jiko na choo bila kuuliza vitaingiza kiasi gani, na nyumba ya mzazi ni matumizi ya aina hiyo. Ninachotaka mfanye ni kuacha kukipima kwa kodi, mkipime kwa swali moja tu: je, mama atakaa humo?

Barua yako haisemi popote kwamba umemuuliza. Mzee mwenye kuku wake, migomba yake na jirani wa kupiga naye soga jioni huweza kukubali kwa mdomo ili asikuvunje moyo, kisha akakaa wiki tatu na kuanza kuulizia nauli. Kuna jambo jingine ambalo pengine yeye analifikiria na ninyi mmelipita. Kwenu Vihiga, kama ilivyo kwa jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kutolala chini ya paa moja. Huenda kwa sababu hiyo akakataa kulala ndani ya nyumba yenu, ingawa atakuambia ni baridi. Kijumba cha uani kinaweza kumaliza tatizo hilo, mradi kisishike ukuta wala paa la nyumba kubwa. Fundi wako atapendekeza kukiegemeza ukutani ili kuokoa mawe na mabati, na kwa hesabu ya saruji atakuwa sahihi. Muulize mama kwanza kama kwake ukuta mmoja ni nyumba moja. (Nimekwepa kukiita “nyumba ndogo” kwa makusudi, maana wasomaji wetu wa Tanzania wangedhani barua hii inahusu mpango wa kando.)

Akikubali, kijengeni kwa mwili wa mtu wa miaka 74 mwenye nyonga iliyoumia. Nilimtembelea jamaa yangu Migosi, Kisumu, aliyemjengea baba yake chumba kizuri chenye vigae vinavyong’aa na kizingiti cha inchi sita kwenye mlango wa bafu ili maji yasitoke. Mzee alikuwa akiingia bafuni kwa kushika bomba la shawa, na bomba lilikuwa limeinama kama shina la mhindi lililoangukiwa na ng’ombe. Siku niliyofika alikuwa anaogea kwenye karai kando ya kitanda. Kwa hiyo sakafu ya bafu iwe sawa na ya chumba na ishuke kidogo kuelekea tundu la maji, vigae viwe vya kukwaruza, choo kiwe cha kukalia, na mlango uwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite kikihitajika. Vyuma vya kushikilia vifungwe kwenye ukuta ulioimarishwa wakati wa ujenzi, kwa sababu kutoboa matofali baadaye na kuning’iniza chuma juu ya skrubu mbili ni kumtegea mzee mtego. Dirisha lielekee jikoni kwako, ili umwone bila kumchungulia.

Nakuru ina baridi ya usiku ambayo Vihiga haina, kwa kuwa mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Wekeni dari, na msimwachie jiko la makaa chumbani, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu usingizini. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa, kama meno ya wengi wetu yanavyoshuhudia, basi paa la kijumba livune maji ya kunywa. Paa la mita mraba 30, kwa mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, hutoa zaidi ya lita 20,000 hata baada ya kupoteza nyingine njiani. Udongo wenu nao ni wa majivu ya volkano, na upande wa magharibi mwa mji ardhi hupasuka baadhi ya misimu ya mvua nyingi. Waulizeni majirani waliokaa hapo muda mrefu, na fundi asipime msingi kwa macho.

Kuhusu majitaka, kama hamna bomba la mji, pimeni kama shimo lililopo linatosha nyumba mbili na kama ploti ina nafasi ya jingine lililo mbali na kisima. Mita 30 ndio umbali unaoshauriwa mara nyingi. Katika ploti ya thumuni ya ekari kama yenu, hapo ndipo mipango mingi hufia.

Fundi akikwambia kwamba kijumba cha uani hakihitaji ramani, usimsikilize. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi kuanza, na anayekipuuza anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Stima nayo, mkitumia mita moja, matumizi ya nyumba mbili hujumlishwa, na mkipita uniti 100 kwa mwezi mnahesabiwa katika kiwango cha bei ya juu zaidi ya matumizi ya nyumbani. Shawa ya umeme itawafikisha huko haraka.

Sasa neno moja ambalo hukuuliza. Ardhi ni ya mume wako na mkopo utakuwa wako. Sina sababu ya kumshuku, lakini weka risiti za saruji, mabati na ujira kwa jina lako, kwani Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba mgao wa mali ya ndoa hufuata mchango uliothibitishwa. Ndugu zako wakichangia, waandikiane nanyi kwamba ni kwa ajili ya mama na si hisa ya ploti.

Ushauri wangu ni kwamba msijenge mwaka huu. Mtafutieni mama bedsita, yaani chumba kimoja chenye jiko na choo chake, ya ghorofa ya chini karibu nanyi, mkodishe kwa miezi mitatu ya masika, na umpelekee chai kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Kwa kodi ileile aliyoitaja mume wako, itawagharimu shilingi 24,000, yaani chini ya makato ya mwezi mmoja ya mkopo mnaoufikiria. Akiulizia kuku wake ifikapo wiki ya tatu, mtakuwa mmejua. Akianza kupanda sukuma wiki kwenye makopo mlangoni, mwite fundi.