Jibu: Siku mbili Lyon, nianzie wapi?

Habari dada. Una siku mbili Lyon, Ufaransa, unataka historia ya vita, mitaa ya kale na chakula kisicho na nguruwe.

Kwanza angalia siku: Jumatatu CHRD, makumbusho ya upinzani dhidi ya Wanazi na ya watu waliohamishwa kwa nguvu, avenue Berthelot, hufungwa. Jengo hilo ndilo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, chini ya Klaus Barbie, ilikotesea watu, hadi ndege za Washirika waliopigana na Ujerumani zilipolipiga bomu Mei 1944. Kisha nenda gereza la Montluc. Jean Moulin, kiongozi wa upinzani wa Ufaransa, alifungwa humo, na watoto 44 wa Kiyahudi waliokamatwa kijijini Izieu walilazwa hapo usiku mmoja, Aprili 1944, kabla ya kupelekwa kuuawa. Nilisimama ndani ya seli moja, nikashindwa kusema neno. Usipange kitu kingine mchana ule.

Kesho yake, Vieux Lyon, mji wa kale. Pale 54 rue Saint-Jean sukuma mlango: ni traboule, kichochoro kinachopita ndani ya nyumba hadi rue du Bœuf. Watu wanaishi mle, ongea taratibu.

Kwenye bouchon, yaani migahawa ya asili ya Lyon, nguruwe ni mwingi, hivyo mimi huagiza quenelle, donge laini la samaki wa mtoni. Inakuja imeumuka, mchuzi bado unatokota. Ila uliza mapema kama mchuzi una divai.