Je, modeli imesoma saratani au imesoma ukubwa wa uvimbe?

SWALI: Shikamoo daktari. Ni mwanafunzi wa uzamili hapa Dar es Salaam. Nina picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) za wanawake 84 waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi na dawa ya sisplatini. Kwa 27 kati yao ugonjwa ulirudi ndani ya miaka miwili. Picha zilipigwa kwa mashine mbili, moja kwa vipande vyenye unene wa mm 5, nyingine mm 1.25. Kwa kompyuta nimetoa sifa 1,130 kwenye kila uvimbe, yaani namba zinazoeleza umbo na mwonekano wake, nikabakiza 12 zilizo bora, nikafundisha modeli, yaani programu ya kutabiri nani ugonjwa utamrudia. Inapatia kwa asilimia 93. Naweza kuandika kwamba mpangilio wa vokseli (vijisanduku vidogo vinavyounda picha) ndani ya uvimbe unatabiri matokeo ya tiba?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, usiandike bado.

Hizo sifa 12 ulizichagua lini? Kama uliwaangalia wagonjwa wote 84 kwanza, ndipo ukawatenga wa kujaribia, mtihani ulishavuja. Ukiwa na sifa 1,130 na wagonjwa 84, zitapatikana tu zinazofuatana na majibu kwa bahati. Uchaguzi wa sifa ufanyike ndani ya kundi la mafunzo pekee, na urudiwe upya kila unapogawa makundi. Tena, kwa wagonjwa 27 waliorudiwa na ugonjwa, sifa mbili au tatu zinatosha kabisa. Na asilimia 93 usiipime kuanzia sifuri: mtu asiyetazama picha hata moja, akasema kila mgonjwa "hautarudi", atapatia 57 kati ya 84, yaani karibu asilimia 68.

Lakini linalonisumbua zaidi ni ujazo wa uvimbe. Mwaka 2014 Hugo Aerts na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha za wagonjwa 1,019 wa saratani ya mapafu na ya kichwa na shingo. Kutoka sifa 440 walipata alama ya sifa nne iliyotabiri nani ataishi muda mrefu zaidi, na wengi tuliichukua kama mfano wa kuigwa. Mwaka 2019 Mattea Welch na wenzake waliirudia kazi ile kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuijua. Walichukua namba za vokseli ndani ya uvimbe wakazichanganya ovyo, kama mtu anavyochanganya karata, hata mpangilio wote ukapotea. Alama ikaendelea kutabiri vilevile! Nguvu yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye ukubwa wa uvimbe, na kwamba uvimbe mkubwa una hatari zaidi daktari analijua bila kompyuta.

Fanya hivyo hivyo kwako. Tengeneza modeli yenye ujazo na hatua ya ugonjwa tu, uilinganishe na yako. Kisha changanya vokseli, upime tena.

Sasa mashine zako. Uvimbe wa sentimita 4 kwenye vipande vya mm 5 unakaa katika vipande 8. Kwenye mm 1.25 unakaa katika vipande 32. Kipande kinene hupiga wastani wa kilichomo, picha ikawa laini. Kipande chembamba huonyesha chengachenga nyingi. Kama mashine moja ilipokea zaidi wagonjwa waliochelewa kufika, modeli itatambua mashine na kuiita saratani. Badilisha picha zote ziwe na vokseli za vipimo sawa, halafu fundisha kwa mashine moja na ujaribu kwa nyingine.

Nani alichora mpaka wa uvimbe? Kwenye CT, saratani ya mlango wa kizazi huungana na misuli ya mfuko wa uzazi, rangi ni ileile ya kijivu. MRI, picha za sumaku, huitenga vizuri zaidi. Omba madaktari wawili wachore wagonjwa 20 kila mmoja peke yake, na kila sifa inayobadilika kwa kubadilika mkono, itupe.

Nakubana hivi kwa sababu nataka kazi hii ifanikiwe. Siku daktari akiiamini, kuna mama atakayeongezewa au kupunguziwa tiba kwa neno lake, na mama huyo hatajua lolote kuhusu vokseli.

Anza na modeli ya ujazo na hatua ya ugonjwa. Nitumie matokeo yake kabla hujagusa sifa nyingine hata moja.