Kwa wazee wenzetu mnaojiandaa kwenda kutumika vijijini Kamboja

Wapendwa, wengi wenu mmestaafu, watoto wameshaoa na kuolewa, na swali mnalotuuliza ni lile lile: kwa umri huu tutafaa nini huko? Mimi na mke wangu tumeishi na familia za Wakhmer, wenyeji wa Kamboja, mkoani Kampong Thom, na jibu letu ni kwamba umri huo ndio mtaji wenu. Mmisionari kijana, hata awe na shahada ya theolojia, anaitwa mdogo wetu au mwanetu, na anasubiri muda mrefu mpaka mzee wa kijiji amfungulie moyo. Ninyi mtaitwa ta na yeay, babu na bibi, tangu siku ya kwanza, na watoto watawajia bila woga.

Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunafika tukiwa tumeshajua nusu ya adabu zao. Wakhmer wanasalimia kwa kuunganisha viganja, na mikono inapanda juu zaidi kadiri anayesalimiwa anavyostahili heshima: kifuani kwa rika lako, juu zaidi kwa wazazi na walimu, juu kabisa kwa watawa wa Kibudha. Pokeeni salamu za wadogo, lakini kwa wazee wenzenu tangulieni ninyi. Tabia ya kumpapasa mtoto kichwani tunapombariki iacheni nyumbani, maana kwao kichwa ni mahali patakatifu. Nyayo zisimwelekee mtu. Mama asimguse mtawa, wala asimpe kitu mkono kwa mkono. Na kabla hamjapanda ndege, anzeni kukaa mkekani miguu ikiwa imekunjwa upande mmoja, kila jioni, mpaka magoti yazoee. Huko ndiko mtakakofanyia kazi, mkekani.

Nyumba za vijijini zimeinuliwa juu ya nguzo, na mchana maisha yote yako chini, uvunguni mwa nyumba, kwenye kivuli: kitanda cha mianzi, bembea za kulalia, mtungi mkubwa wa maji ya mvua, kuku. Mtakapokaribishwa hapo, angalieni ni nani waliopo. Nyumba nyingi zina bibi, pengine na babu, na wajukuu wawili au watatu. Kizazi cha kati hakipo. Mama yuko mji mkuu, Phnom Penh, anashona nguo kiwandani, baba yuko Thailand kwenye ujenzi au mashamba. Mapigano ya mpakani ya Julai 2025 yaliwarudisha wengi ghafla, mikono mitupu, na madeni yakawa yanawangoja, kwa sababu familia nyingi zimeweka hati ya shamba rehani kwenye taasisi za mikopo midogo. Kwa hiyo mtu mtakayemhudumia zaidi ni mwenye umri kama wenu, anayelea watoto upya wakati mgongo umeshachoka. Kijana hawezi kumwelewa kama mtakavyomwelewa ninyi.

Kaeni naye, na fanyeni anachofanya. Sisi ni watu wa Masasi, na Kampong Thom ni mkoa wa korosho. Kuanzia Februari tulikuwa tunakaa na akina bibi tukichambua korosho, mbovu huku, nzima kule, na hapo hatukuhitaji mada ya kufungulia mazungumzo. Walishangaa kusikia kwamba korosho ghafi za kwetu, kama zao, nyingi huishia Vietnam kubanguliwa. Bei ya mnunuzi, mvua iliyonyesha kwenye maua, vijana wasiotaka shamba: ni maongezi ya Masasi kabisa. Nanyi mna jambo lenu, mpunga au ng'ombe au cherehani. Litangulizeni hilo, na Biblia itapata nafasi yake.

Mkimkuta mtoto mwenye homa ana michirizi myekundu mgongoni na kifuani, msidhani amepigwa. Bibi amempaka mafuta ya kuchua na kumkwangua kwa ukingo wa sarafu ili kutoa upepo mbaya. Ni tiba ya karibu kila nyumba. Msimkemee. Mwambieni amefanya vema kumhangaikia mjukuu, kisha ombeni mwende naye kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana msimu wa mvua ni msimu wa dengue na homa ile haingoji.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka mlisome polepole. Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti walioongozwa na Pol Pot, waliingia Phnom Penh, na mpaka Januari 1979 nchi ilikuwa mikononi mwao. Inakadiriwa watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili walikufa kwa njaa, kazi za shuruti, magonjwa na kuuawa, katika nchi ya watu wasiofika milioni nane. Pol Pot mwenyewe alizaliwa mkoa huu wa Kampong Thom. Mzee mwenye miaka sabini na kidogo leo alikuwa kijana wakati ule. Anayekupokea uvunguni mwa nyumba yake alikuwepo. Na pengine jirani yake, yule anayempungia mkono asubuhi, alikuwa upande wa pili.

Wanandoa wamisionari hupenda kufundisha ndoa, nasi tulitumwa kwa hilo. Swali linalokuja mdomoni lenyewe ni: mlikutanaje? Msiliulize. Utawala ule, uliojiita Angkar, uliwaozesha watu kwa amri, mara nyingi jozi nyingi kwa mkupuo, wengine wakiwa hawajawahi kuonana, na aliyekataa alijiweka hatarini. Mahakama iliyoundwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa ilithibitisha hayo katika hukumu yake ya Novemba 2018. Baadhi ya ndoa hizo zilivunjika mara tu utawala ulipoanguka. Nyingine zipo mpaka leo, zimezaa watoto, zimezika watoto, na kuna mapendo ndani yake ambayo hamna haki ya kuyapima. Fundisheni ndoa kwa kuishi yenu. Kijiji kizima kitaona nani anachota maji, nani anamsubiri mwenzake kwenye ngazi, nani anapandisha sauti. Huko kupaza sauti mbele za watu ni aibu ya wote waliosikia, kwa hiyo mkipishana kauli, malizeni ndani.

Vivyo hivyo kwenye chakula. Chini ya Angkar watu walikula kwenye mabwalo ya pamoja, na familia kupika na kula kivyake ilikatazwa. Anapokutengea wali na samaki kwenye mkeka wake, na prahok ile ya samaki waliochachushwa yenye harufu kali, kula. Kula vizuri, uombe uongezewe.

Habari za wakati ule zitakuja zenyewe au hazitakuja. Zikija, nyamazeni. Msiharakishe kutaja msamaha. Hilo ni neno la Bwana mwenyewe kwa mtu yule, kwa saa yake. Na naomba hili kwa msisitizo wote nilio nao: msiyaweke mliyosikia kwenye barua zenu za maombi, wala picha ya aliyewaambia. Makanisa nyumbani yanapenda simulizi za kutoa machozi, na changizo huongezeka. Lakini bibi yule alizungumza na wazee wenzake. Hakuwa anazungumza na Dar es Salaam.

Kuhusu kanisa lenyewe: Wakristo wachache waliokuwepo kabla ya 1975 karibu wote waliuawa au walikimbia, na kanisa la leo ni changa. Mchungaji wenu pengine atakuwa na umri wa mtoto wenu wa mwisho, na ndiye Mkristo wa kwanza katika ukoo wake. Hapa ule mtaji wa umri unageuka hatari. Kwa adabu aliyolelewa nayo hatawapinga kamwe. Mkishauri jambo kwenye kikao ataitikia, washirika wataitikia, na litafanyika hata kama anajua halifai kijijini kwake. Kaeni nyuma, msiseme mpaka amalize kusema yeye, na akiwauliza mbele za watu, mrudishieni swali. Ushauri mpeni mkiwa wawili au watatu, mkeka mmoja, chai mbele yenu.

Fedha na sheria nizipitie haraka. Ubudha ndio dini ya taifa, uhuru wa kuabudu upo, lakini kuhubiri nyumba kwa nyumba na kutumia misaada kuwavuta watu ni marufuku. Jitambulisheni kwa mwenyekiti wa kijiji na kwenye pagoda, hekalu la Wabudha, mapema. Msikopeshe, na msilipe deni la mtu hata moyo ukiuma, maana mtakuwa mmechagua familia moja kati ya zote zinazodaiwa. Mnachotaka kutoa kipitisheni kanisani, kwa uamuzi wa Wakhmer wenyewe.

Mwezi Septemba au Oktoba kuna Pchum Ben, siku kumi na tano za kuwakumbuka na kuwalisha wafu kwa sadaka za pagodani. Ndipo kijana aliyeokoka hubanwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa mama yake akiona hakuja, anaelewa kwamba mwanawe hatamjali akifa. Sisi tunaotoka kwenye jamii za matambiko tunalijua donda hili. Maoni yangu ni kwamba kijana aende nyumbani. Abebe mchele na nyama, amnunulie mama sarong, apike, afue, akae na wageni. Kuhusu lipi ashiriki na lipi aache pagodani, mwachieni yeye na mchungaji wake; hilo halituhusu sisi.

Dawa zenu za presha na sukari bebeni za kutosha na ziada. Wali ni mara tatu kwa siku, na sukari ya mvumo ni tamu kweli, kwa hiyo wenye kisukari pimeni. Aprili jua ni kali mno, msitoke saa sita mpaka saa tisa. Msiache njia inayokanyagwa na watu, kwa sababu mabomu ya zamani bado yamo ardhini.

Na muda wenu ukikaribia kwisha, semeni miezi kadhaa kabla, kwa watoto pia. Watoto hao wameshazoea mtu mzima kuondoka alfajiri wakiwa wamelala. Watajieni mwezi, waonyesheni kwenye kalenda ya ukutani, na msiahidi kurudi kama safari hiyo haijapangwa.