Ukianza kiangazi chako cha afya ya jamii, soma maana ya kila namba

Mdogo wangu uliyechaguliwa kwenye programu ya kiangazi ya afya ya jamii hapa Marekani, hongera sana. Miaka iliyopita CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, ilifadhili programu za namna hii Morehouse College kule Atlanta, vyuo vikuu vya Columbia, Michigan na UCLA, na taasisi ya Kennedy Krieger ya Baltimore, zikiwalenga hasa wanafunzi ambao watu wa kwao ni wachache katika fani hii: weusi, Walatino, Wamarekani wa asili, na wale walio wa kwanza kufika chuo katika familia zao. Nilipitia mojawapo nikiwa mwaka wa pili chuoni. Kama bado hujaomba, fahamu kwamba maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Februari, kwa hiyo waendee walimu wa kukuandikia barua za mapendekezo tangu Novemba. Kwa kuwa programu hizi huishi kwa ruzuku, na ruzuku hukatika, hakikisha kwanza kwamba unayoitaka inapokea watu mwaka huu.

Programu nyingi huchukua wiki nane hadi kumi na moja. Kutoka nje zinaonekana nyingi, lakini toa wiki ya utambulisho, toa mafunzo ya maadili ya utafiti, toa siku za kusubiri akaunti ya kompyuta ifunguliwe na wiki ya mwisho ya kuandaa bango la kuonyesha utafiti wako, uone zinazobaki. Mimi niliingia na swali la kwa nini kisukari kinawaumiza zaidi watu weusi. Mlezi wangu, yaani mtafiti aliyepewa kazi ya kuniongoza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni kipande gani cha swali hilo naweza kukijibu ifikapo mwishoni mwa Julai. Iliniuma, nikadhani ananidharau. Tulibaki na hili: katika jimbo moja, je, wenye kisukari wasio na bima ya afya hupimwa A1C mara chache kuliko wenye bima? Hicho ndicho kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, na hata mgonjwa aliyetulia anashauriwa akifanye angalau mara 2 kwa mwaka. Usingoje wiki ya tano ndipo upunguze swali lako.

Sasa nikueleze kosa langu. Nilitumia data za BRFSS, uchunguzi wa simu unaofanywa na majimbo pamoja na CDC tangu 1984, ambao huhoji watu wazima zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Nilipiga wastani wa vipimo vya A1C, na jibu likatoka kubwa mno, kana kwamba watu wanashinda kliniki. Nilikuwa tayari nimelichorea grafu. Mlezi aliitazama, akaniuliza kama nimesoma kitabu cha maelezo ya data. Nilikuwa nimekipitia juu juu tu. Humo imeandikwa kwamba 77 ni "sijui", 99 ni aliyekataa kujibu, 98 ni mtu ambaye hajawahi hata kukisikia kipimo hicho, na 88 ni hakuna, yaani sifuri.

Hiyo 88 ndiyo iliyoninyima usingizi. Watu ambao hawakupimwa hata mara moja, wale hasa niliokuja kuwatafuta, niliwahesabu kuwa wamepimwa mara 88. Waliosahauliwa kuliko wote, jedwali langu liliwageuza waliohudumiwa kuliko wote. Na kompyuta haikulalamika. Tangu siku hiyo sigusi safu yoyote ya data kabla ya kuhesabu kila thamani iliyomo na kuisoma maana yake. Fanya hivyo siku ya kwanza, hata wenzako wakiwa wameshaanza kuchora.

Kuhusu kwenda mtaani. Tulipelekwa kwenye siku ya afya katika ukumbi wa kanisa, tukiwa na madodoso. Mzee mmoja mweusi aliishika karatasi yangu kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, hii ikitoka hapa inakwenda wapi?" Sikuwa na jibu kamili. Ukienda, nenda ukijua kilichotokea Tuskegee, Alabama: tangu 1932 hadi 1972 idara ya serikali ya afya iliwafuatilia wanaume weusi karibu 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwa tiba inayokubalika kufikia 1947. Yale mafunzo ya maadili utakayotamani kuyaruka kwa kubofya "endelea" yana mizizi yake humo. Jifunze kusema kwa sentensi mbili nyepesi nani atasoma majibu, yatahifadhiwa wapi, na kwamba mtu anaweza kukataa. Wala usidhani kufanana rangi au lugha na watu wa mtaa kutakufungulia kila mlango. Kunasaidia kuanza mazungumzo. Kinachobaki ni jinsi unavyowaheshimu.

Ya fedha nitayasema kwa ufupi. Uliza posho ya kwanza inaingia tarehe gani, maana yangu ilikuja wiki ya tatu na nilikopa nauli. Mara nyingi posho hulipwa bila kukatwa kodi, lakini kodi yenyewe inaweza kudaiwa baadaye, kwa hiyo weka kidogo pembeni.

Mlezi akiwa kimya, mwandikie wewe kila Ijumaa mistari mitatu: nilichofanya, kilichonikwamisha, ninachoomba. Barua yangu ya mapendekezo ya shahada ya uzamili iliandikwa kutokana na mistari hiyo. Na siku ya mwisho, kabla kadi yako ya kuingilia haijazimwa, muombe ruhusa ubaki na amri za kompyuta ulizoandika za kuchambua data pamoja na nakala ya bango. Data za watu ziache hapo ofisini.