Kwa wewe unayesita kuchagua mgongano wa sheria

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayesoma sheria mwaka wa tatu. Aliandika: "Shikamoo dada wakili. Tunatakiwa kuchagua masomo ya hiari. Ninalitaka somo la sheria binafsi ya kimataifa, lakini wenzangu wanasema ni gumu, linaharibu maksi, na halina kazi hapa Tanzania. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Lichague. Ningeweza kuishia hapo, lakini hayo maneno ya mwisho, kwamba halina kazi hapa Tanzania, niliwahi kuambiwa mimi usoni, na bado yananiuma. Ndiyo maana nakujibu mbele ya wote.

Wakati wetu darasa la mgongano wa sheria, kama tulivyozoea kuliita somo hilo la kuamua mahakama na sheria ya nchi gani ihusike jambo linapovuka mpaka, lilijaa wiki ya kwanza kisha likapukutika. Wengi walihamia kodi na madini. Siwalaumu. Somo lilifunguliwa kwa mfululizo wa kesi za Uingereza za karne ya kumi na tisa, watu wenye majina mazito wakigombania mali London, na hakuna aliyetueleza hayo yanatuhusu nini sisi tuliotoka Rombo, Kyela au Muheza. Mimi nilibaki kwa sababu ya kesi mbili.

Ya kwanza ni ya Winans. Mmarekani huyu tajiri alihamia Uingereza, akaishi huko miaka 37, akafia huko mwaka 1897. Serikali ikadai kodi ya urithi kwa hoja kwamba Uingereza ndiyo ilikuwa domisili yake, yaani maskani ambayo sheria inamhesabu mtu kuwa ni yake. Mwaka 1904 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo ilikataa. Ikasema haikuthibitika kwamba aliamua kuifanya Uingereza makao yake ya kudumu. Domisili yake ya asili ilikuwa bado kwao Marekani.

Ya pili ni ya George Bowie wa Glasgow, Uskoti. Alihamia Liverpool mwaka 1892, akakaa huko hadi kifo chake mwaka 1927. Mama yake alipofariki Glasgow, alikataa hata kwenda kuzika. Aliacha wosia uliokuwa halali kwa sheria ya Uskoti na batili kwa sheria ya Uingereza. Mwaka 1930 majaji waliamua kwamba Bowie alibaki Mskoti kisheria, na wosia wake ukasimama.

Wenzangu walicheka kesi ile ya Bowie. Mimi niliwakumbuka wajomba zangu. Nimezaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila Desemba nimeona magari yakipanda mlimani kutoka Dar, Mwanza, Nairobi na Mombasa, watu wanarudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Mjomba mmoja alikuwa ameishi Nairobi tangu kabla sijazaliwa, ana nyumba huko, watoto huko, na Kiswahili chake kimeshakuwa cha huko. Ungemuuliza kwao ni wapi, angekutajia Marangu kabla hujamaliza swali. Winans aliishi Uingereza na moyo wake Marekani. Nilielewa siku ile kwamba somo hili linahusu ukoo wangu.

Nilimaliza nikiwa na alama ya juu kabisa darasani kwenye somo hilo, na nalisema kwa fahari kwa sababu nililitolea jasho.

Kisha nikaenda kujifunza kazi kwenye ofisi moja ya mawakili. Mkuu mmoja pale aliuliza kila mmoja wetu anapenda eneo gani la sheria. Nilipotaja langu alinitazama, akawageukia wenzake akasema hilo ni somo la wanaotaka kuolewa na Wazungu. Ofisi nzima ilicheka. Sikujibu. Nilikuwa mdogo, nilikuwa mgeni, na nilikuwa mwanamke peke yangu mezani. Miaka imepita na sura za waliocheka naweza kukuorodheshea. Nakusimulia hili ili ujue kwamba hata wakubwa wa kazi hii wanaweza kutolijua somo ambalo wateja wao wanalihitaji kila wiki.

Sasa nikwambie kilichotokea mwezi uliopita. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili familia isitambulike.

Baba mmoja wa Marangu alifanya kazi Nairobi zaidi ya miaka thelathini, akafariki bila wosia. Ameacha mjane na watoto Nairobi, fedha benki Nairobi, hisa za kampuni za Kenya, na kihamba chenye nyumba Marangu. Mjane alifika kwangu akiwa amechoka. Nairobi alikuwa ameambiwa mambo mengine, Moshi mengine, na wazee wa ukoo walikuwa wameshamwambia kwamba mwanamke hagusi kihamba.

Nilichukua karatasi nikachora. Upande mmoja mali, upande wa pili mahali ilipo, wa tatu mahakama inayoweza kuigusa, wa nne sheria inayoitawala. Hicho ndicho nitakachokuhimiza mpaka uchoke kunisikia: chora kwanza. Kitabu baadaye.

Ardhi ni rahisi. Kihamba kiko Marangu, kinatawaliwa na sheria ya Tanzania hata kama mwenyewe angehamia mwezini. Mali inayohamishika ndipo kazi ilipo, kwa sababu yenyewe inafuata domisili ya marehemu siku ya kufa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura 160, inaliweka hili waziwazi katika kifungu cha 4, na inaongeza kwamba aliyekuwa akiishi Kenya kwa kawaida kabla ya kufariki atadhaniwa kuwa na domisili ya Kenya mpaka ithibitike vinginevyo. Tofauti si ya kinadharia. Kwa sheria ya Kenya, mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia kilichobaki kwa uhai wake tu. Kwa Tanzania, kama mila haihusiki na marehemu si Mwislamu, mahakama zetu bado zinatumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, na humo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja iwe yake kabisa. Na kama mila ndiyo inayotumika, mama yule alikuwa anatazamana na wale wazee.

Kwa hiyo tulihitaji kuthibitisha domisili ya Tanzania. Ushahidi tulikuwa nao: pasipoti aliyoihuisha miaka yote, nyumba aliyoijenga Marangu kidogo kidogo, barua kwa kaka yake akizungumzia kurudi akistaafu, safari za kila Desemba. Bowie na Winans walinipa dhana ya kisheria, yeye mwenyewe alitupa ushahidi.

Hapo ndipo wakili wa ukoo alipogeuza hoja yangu. Akasema: vizuri, unatuambia hakuwahi kuondoka kihambani, basi aliishi kimila, na mila igawe mali yake. Ni hoja nzuri, nilimheshimu kwa kuiona. Ushahidi uleule unaomrudisha mtu nyumbani kwa ajili ya domisili unaweza kumtia mikononi mwa mila, na nchi yetu ina mgongano wa ndani chini ya mgongano wa nje. Ukivuka mpaka ukaamua ni sheria ya Tanzania, bado hujaamua ni sheria ipi ya Tanzania.

Jibu langu lilikuwa kwamba maswali hayo ni mawili. Domisili inauliza mtu alikusudia makao yake ya kudumu yawe nchi gani. Mila inauliza aliishi maisha ya namna gani. Katika mirathi ya Innocent Mbilinyi ya mwaka 1969, Mahakama Kuu yetu ilikataa kutumia mila kwa sababu marehemu alikuwa ameshaachana na maisha ya kimila. Mteja wangu alikuwa na mume aliyefunga ndoa kanisani, aliyewasomesha mabinti sawa na wavulana, aliyeweka jina la mkewe kwenye akaunti. Kuipenda Marangu hakukumfanya aishi kwa mila ya Marangu. Kikao cha ukoo kilichukua muda mrefu na machozi yalikuwepo, lakini mwishowe walikubaliana mjane na kaka wa marehemu wawe wasimamizi wa mirathi pamoja. Mahakama Kuu Moshi ikawapa hati, na mwezi uliopita hati hiyo imegongwa muhuri Mahakama Kuu Nairobi, kwa sababu sheria ya Kenya inaruhusu hati za mirathi kutoka nchi za Jumuiya ya Madola kutambuliwa kwa njia hiyo. Benki imefungua akaunti. Mama yule alinipigia simu, hakusema mengi, alilia tu.

Hiyo ndiyo kazi ambayo haipo Tanzania.

Mdogo wangu, nikushauri kuhusu kusoma kwenyewe. Somo zima lina maswali matatu: mahakama ipi ina mamlaka, sheria ipi itumike, na hukumu ya huko itakubalika huku au la. Wanafunzi wanakariri majina ya kesi na wanafeli kwa sababu hawajui kesi hiyo inajibu swali lipi kati ya hayo. Ukipewa swali la mtihani, usikimbilie kutaja Winans. Chora. Nani, kitu gani, kiko wapi, kilitokea wapi.

Jua pia kwa nini unasoma kesi za Uingereza ukiwa Afrika Mashariki, maana mtahini akikuuliza hilo wengi hukodoa macho. Sheria yetu ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura 358, ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kenya tarehe yao ni 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902. Na sheria hiyohiyo yetu inasema itatumika kwa kadiri mazingira ya Tanzania na wakazi wake yanavyoruhusu. Hayo maneno ndiyo silaha yako. Watu wengi wanayaruka. Usiyaruke.

Usidhani mipaka ni ya mbali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake na mahakama zake za kadhi. Waliooana Unguja wakahamia Temeke tayari ni swali la mtihani. Ndoa iliyofungwa nje, kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinataka taratibu zifuate sheria ya mahali ilipofungwa na kila mmoja awe na uwezo wa kuoa au kuolewa kwa sheria ya domisili yake. Kifungu kimoja, mifumo miwili hadi mitatu ya sheria ndani yake. Kisome taratibu, ukichora.

Soma na majirani. Wakenya wana kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo ukataka Nyalgunga, Siaya. Mahakama ziliamua kwa mila ya Waluo, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Swali lililotikisa nchi lilikuwa kama mtu mwenye nyumba mjini ana kwao mjini. Mimi sikubaliani na uamuzi ule mpaka leo, naona ulimsahau mke na maisha waliyoyachagua wawili, lakini sijapata kesi nyingine inayofundisha vizuri kuliko hiyo namna sheria mbili zinavyomgombania mtu mmoja. Na ukivuka kwenda Burundi au Kongo, ambako walirithi mfumo wa Kibelgiji, hali ya mtu binafsi inaanzia kwenye uraia badala ya domisili. Mrundi aliyehamia Kigoma moja kwa moja, sheria yetu inamwita wa hapa, ya kwao inamwita wa kule. Msiposoma haya nani atayasoma? Mpaka ule watu wanauvuka kila siku kwa mikungu ya ndizi na vitambaa, wanaoana, wanakopeshana, wanazaa, halafu sisi tunaojiita wanasheria tunasema somo halina kazi. Tuache tabia ya kudharau kitu kwa sababu mwenzetu kakidharau. Tuache kuchagua masomo kwa kuangalia nani alipata alama gani mwaka jana. Umekwenda chuo kwa kodi za watu na kwa ng'ombe wa baba yako, soma kitakachowasaidia.

Mwisho, jambo ambalo halisisitizwi darasani. Sheria ya kigeni mbele ya mahakama zetu ni suala la ushahidi. Jaji wa Moshi hachukuliwi kuwa anaijua sheria ya Kenya; Sheria ya Ushahidi inaruhusu maoni ya mtaalamu, na usipoithibitisha jaji ataendelea kana kwamba ni sawa na ya kwetu. Kwenye lile jalada nilihitaji kiapo cha wakili wa Kenya, na nilihitaji mtu wa kwenda masjala ya mahakama Nairobi kwa niaba yangu. Nilimpata haraka kwa sababu tulifahamiana tangu mashindano ya kesi za kuigiza ya vyuo, tukiwa wanafunzi wote wawili. Kwa hiyo ukiwa bado chuoni, tafuta wanafunzi wenzako wa sheria Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura, hata kwa simu tu, muanze kubadilishana vifungu. Ukikosa wa kuanzia, niandikie tena nikuunganishe na wa Nairobi.