Maswali na Majibu: Kujenga Gitaa la Besi kwa Mikono Yako

SWALI: Nataka kutengeneza gitaa langu la kwanza la besi la umeme, lenye nyuzi nne. Nianze na kiwiliwili, shingo au vifaa vya umeme?

JIBU: Anza na karatasi kubwa. Chora gitaa zima kwa ukubwa wake halisi, na mstari wa kwanza uwe ule wa katikati, unaotoka kichwani hadi mwisho wa kiwiliwili. Juu ya mstari huo weka alama mbili: moja kwenye kizingiti cha mfupa kilicho mpakani mwa kichwa na shingo, ambapo uzi huanza kutetemeka, na nyingine kwenye daraja, ambapo mtetemo huishia. Umbali baina ya alama hizo ndio urefu wa uzi, nao ndio unaoamua karibu kila kipimo kingine. Besi nyingi hufuata milimita 864, yaani inchi 34, kipimo kilichoenezwa na besi ya Fender Precision iliyotoka mwaka 1951. Mwenye vidole vifupi anaweza kuchagua milimita 762, mradi akubali kwamba uzi mnene utakuwa mlegevu zaidi na sauti yake haitakuwa kavu vilevile. Amua kabla ya kushika msumeno, kwa sababu uamuzi huu haurekebishwi baadaye.

SWALI: Je, aina ya mbao ndiyo inayoleta sauti nzuri?

JIBU: Jambo hili hubishaniwa mno, na kwa maoni yangu linapewa uzito kuliko linavyostahili. Kwa shingo, tafuta mbao ngumu iliyokauka sawasawa na yenye nyuzinyuzi zilizonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbao mbichi itapinda hata kama imerandwa kwa ustadi wa hali ya juu. Kwa kiwiliwili, angalia uzito kwanza, kwa kuwa wewe ndiye utakayelibeba begani.

SWALI: Nimeshindwa kuelewa namna ya kupanga freti. Kwa nini nafasi zake hazilingani?

JIBU: Kila freti, yaani kipande chembamba cha chuma kinachovuka ubao wa vidole juu ya shingo, hupandisha sauti kwa nusu toni, na kila nusu toni hufupisha uzi kwa uwiano uleule, si kwa kipimo kilekile. Chukua urefu wa uzi, ugawe kwa 17.817, na jibu litakuwa umbali wa freti ya kwanza kutoka kizingitini. Kwa milimita 864 utapata 48.49. Toa kiasi hicho, zinabaki 815.51, gawa tena kwa 17.817, upate 45.77, ambayo ni nafasi kati ya freti ya kwanza na ya pili. Endelea hivyo, na freti ya 12 itaangukia milimita 432, nusu kamili ya uzi. Isipoangukia hapo, rudia hesabu.

Hatari iko kwenye kupima, wala si kwenye hesabu. Ukiweka rula upya kutoka freti moja hadi inayofuata, kosa dogo la penseli litaongezeka kila hatua, na kufikia freti ya 20 utakuwa umepotoka kiasi cha sikio kutambua. Jumlisha umbali wote kwanza (freti ya pili iko 94.26 kutoka kizingitini), kisha ifunge rula ndefu ya chuma isisogee, na uweke alama zote kwa ncha ya kisu kutoka sehemu ileile moja. Alama ya kisu ni nyembamba kuliko ya penseli, na meno ya msumeno hupata mfereji wa kuanzia. Ukate mifereji ukiwa ubao wa vidole bado una kingo sambamba, kabla ya kuupunguza upana kuelekea kichwani, ili kigunia chako, yaani kipimo cha seremala cha pembe mraba, kiwe na ukingo ulionyooka wa kuegemea.

SWALI: Fimbo ya chuma ndani ya shingo ni ya lazima?

JIBU: Ndiyo. Nyuzi nne za besi kwa kawaida huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, usiku na mchana. Fimbo hiyo hukuruhusu kurekebisha mpindo wakati wowote, hasa hali ya unyevu inapobadilika.

SWALI: Nikinunua shingo iliyokwisha tengenezwa, bado nitaweza kusema gitaa ni langu?

JIBU: Bila shaka. Kiwiliwili, uunganishaji na urekebishaji vinatosha kabisa kukufunza kazi.

SWALI: Besi yangu imekamilika, lakini inavuma hata nisipoipiga. Kosa liko wapi?

JIBU: Gusa nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, waya wa kutuliza umeme uliounganishwa na daraja unafanya kazi, na kilichobaki ni kuyafunika mashimo ya vifaa kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya huohuo. Usipopungua kwa nyuzi, lakini ukapungua unapogusa chuma cha tundu la kebo, waya wa daraja haushiki. Kumbuka pia kwamba kinasa sauti (kifaa cha sumaku na koili kilicho chini ya nyuzi) chenye koili moja hunasa mvumo kwa asili yake. Ndiyo maana mwaka 1957 kinasa cha Fender Precision kiligawanywa vipande viwili, ambavyo koili na sumaku zake zimegeuziana mwelekeo ili mvumo wa kimoja ufute wa kingine.

SWALI: Daraja nilifunge mahali gani hasa?

JIBU: Usitoboe tundu lolote kabla shingo haijafungwa. Tandaza nyuzi mbili za cherehani kutoka kizingitini hadi darajani, mahali pa uzi wa kwanza na wa nne, na usogeze daraja mpaka pengo kati ya kila uzi na ukingo wa shingo lilingane pande zote. Kisha sogeza mbele karibu kabisa kiegemeo cha uzi mwembamba, yaani kile kipande cha daraja ambacho uzi huo hukalia, na ukiweke milimita 864 kutoka kizingitini. Viegemeo vyote vinahitaji nafasi ya kurudi nyuma, kwa sababu uzi unapokandamizwa hukazika na sauti yake hupanda, na uzi mnene zaidi ndio hurudishwa mbali kuliko yote. Ukisha kufunga nyuzi halisi, linganisha sauti ya freti ya 12 na ile inayotoka ukigusa uzi hapohapo bila kuukandamiza. Ya freti ikiwa juu, rudisha kiegemeo nyuma kidogo kidogo hadi zifanane.