Lule: siku 68 na methali moja

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni mkuu gani wa nchi ya Kiafrika aliyekaa Ikulu kwa muda mfupi lakini bado unamkumbuka, na kwa lipi? Wangu ni Yusufu Lule wa Uganda. Alikula kiapo tarehe 13 Aprili 1979, siku ya Ijumaa Kuu, akaondolewa tarehe 20 Juni. Ni siku 68. Mbuzi hubeba mimba kwa zaidi ya mara mbili ya hizo.

Kwetu ilikuwa Walukuba, hapa Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda. Mjaluo, Mteso, Mgisu, Mnubi na Mganda waliishi ukuta kwa ukuta, kwa hiyo lugha ya kugombania foleni bombani ilikuwa Kiswahili. Ukitoka nje ya mtaa, mambo yalibadilika. Aliyesikia Kiswahili mlangoni usiku alijua ni askari au mwizi, na miaka ile hao wawili hawakutofautiana sana. Rais Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukiongezea wapenzi.

Siku Lule anaapishwa, Kampala ilikuwa imekombolewa juzi yake tu, lakini Jinja bado ilikuwa mikononi mwa askari wa Amin. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alifunika redio kwa blanketi, sauti chini kabisa, majirani wamejibana chumbani kama kuku. Jina Yusufu liliposomwa, baba, aliyekuwa Muislamu wa swala tano, alitabasamu. Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba Lule alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu lakini alibatizwa alipokuwa akisoma shule ya Kikristo ya Budo. Baba akarudia chai yake.

Siku tisa baadaye, tarehe 22, askari wa Tanzania waliokuwa wakipigana na Amin wakaingia Jinja. Kijana mmoja wa bunduki alisimama mlangoni kwetu akasema, "Shikamoo mama. Samahani, naomba maji ya kunywa." Mama alibaki ameshika jagi, hasogei. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akicheka peke yake jikoni: "Bunduki na shikamoo!" Tukawaita wakombozi, na Waganda wakalichukua neno hilo wakalipa kiambishi chao, bakombozi.

Sasa nije kwenye lipi. Ukiangalia vizuri, kila utawala wa miaka ile ulituachia neno la Kiswahili ambalo hata asiyejua Kiswahili analijua. Enzi za Amin zilituachia magendo, na mafutamingi, wale matajiri wa ghafla waliogawiwa maduka ya Wahindi. Vita vilituachia saba saba, ile mizinga ya roketi. Milton Obote aliporudi madarakani tukapata panda gari, amri ya kupakiwa kwenye lori watu wasijue wanapelekwa wapi. Lule hakutuachia neno lolote la Kiswahili. Alituachia methali ya Kiganda.

Ilitufikia mdomo kwa mdomo. Inasemwa kwamba siku ya kiapo alisema: Kye twayagaliza embazzi, kibuyaga asudde. Yaani, tulichokitafutia shoka, upepo umekiangusha. Mama mmoja Mganda, jirani yetu, aliirudia bombani akicheka hadi ndoo ikafurika. Namwelewa. Tangu mwaka 1966, jeshi la Obote liliposhambulia kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo, Waganda hawakuwa wamesikia kitu kitamu hivyo kutoka kwa mkubwa wa serikali. Lakini fundi baiskeli wetu, mtu wa Lira, upande wa kwao Obote, aliinua macho kwenye spoki akauliza: "Mti wenyewe ni upi? Amin, au sisi?" Hakuna aliyemjibu.

Sidhani Lule alikuwa na nia mbaya. Alikuwa mwalimu, msomi wa Makerere, Fort Hare na vyuo vya Uingereza. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Makerere, kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akafanya kazi Jumuiya ya Madola huko London. Watu wa namna hiyo wamezoea kusema na kusikilizwa. Machi 1979, makundi ya Waganda wa kabila na Waganda wa uraia tu (nyie wa nje mtanisamehe, ndivyo nchi yetu ilivyo) walipokutana Moshi kupanga serikali ya kumrithi Amin, walimchagua kwa sababu hakuwa na jeshi wala chama cha kutisha mtu. Akiwa anakaribia miaka 67, alionekana babu wa kupatanisha.

Tatizo lilikuwa kwenye makubaliano ya Moshi. Baraza la mashauriano liliamini kuwa rais hawezi kuteua mawaziri bila wao kuridhia. Lule aliamini kuwa rais ni rais. Akapangua mawaziri bila kuwauliza, na usiku mmoja Entebbe wakampigia kura ya kumwondoa. Mimi nawapa wajumbe haki nusu. Kwenye makubaliano walikuwa na hoja, lakini nchi iliyokwisha kuona watu wakichukuliwa usiku kwa miaka minane huiondolei rais usiku, halafu asubuhi ukaitangazia jina la rais mpya, Binaisa.

Kampala ikafunga maduka. Watu wakajaa barabarani wakiimba "Twagala Lule", tunamtaka Lule, na wakapigwa risasi. Lule mwenyewe alikuwa amepelekwa Dar es Salaam. Ni tangu wiki zile ndipo yule mama jirani alipoanza kulitamka neno mkombozi huku amevuta mdomo upande, na kijana wa shikamoo akija kuomba maji, alikuja kwetu tu.

Yaliyofuata ni mafupi. Lule alikwenda London, akaanzisha kundi lake, na mwaka 1981 likaungana na la Yoweri Museveni kuunda NRM, vuguvugu la kumpinga Obote, yeye akiwa mwenyekiti. Alifia London Januari 1985, mwaka mmoja kabla ya wenzake kuingia Kampala. Leo ana barabara yake mjini, ile iliyokuwa Kitante.

Kinachonijia zaidi ni duka la mtaani kwetu. Mwenye duka alishusha picha ya Amin siku ileile Watanzania walipoingia, akaacha msumari ukingoja picha ya Lule. Haikufika. Akaambiwa angoje ya Binaisa. Mei 1980, Binaisa naye alipoondolewa, alitundika kalenda.